Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Mashtaka: kosa lishtakiwe kwa jina lake

Muze, Bonde la Ziwa Rukwa

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Mashtaka,

Kwa taadhima, na kwa kujua kwamba majalada yaliyo juu ya meza yako huko Dodoma ni mengi kuliko saa za kuyasoma, naomba ruhusa ya kukuandikia hadharani juu ya jambo ambalo Katiba na sheria za nchi yetu zimeliweka katika mkono wako na si katika mkono wa mtu mwingine yeyote, awe hakimu, awe waziri, awe mkuu wa polisi: nalo ni uamuzi wa kwamba mtu anayedaiwa kufanya jeuri kwa ajili ya siasa ashtakiwe kama wanavyoshtakiwa wauaji, wachomaji na wapigaji wote, au ashtakiwe kama gaidi.

Naandika kutoka Muze, chini ya Lyamba lya Mfipa, hapo barabara ya Ntendo inapomaliza kona zake na kutua katika mashamba ya mpunga na mahindi, ambako mtu akitaka kwenda Sumbawanga husema anapanda juu, na akitaka kwenda Dar es Salaam huaga jamaa zake kama msafiri wa ng'ambo. Nimeketi miaka mingi mzee wa baraza katika mahakama ya mwanzo, kazi isiyohitaji shahada wala joho, ila masikio mawili na subira ya kusikiliza mashahidi wanaorudia maneno yale yale. Basi haya nitakayoyasema yachukue kuwa nadhari ya mtu aliyeona, kutoka kwenye benchi la mbao, jinsi ghadhabu za siasa zinavyoingia mahakamani zikiwa kubwa mno na jinsi zinavyopungua pale zinapoulizwa maswali ya kawaida.

Nitaanza na shauri dogo kabisa. Katika msimu mmoja wa kampeni vijana wa chama kimoja walisimika mlingoti wa mwanzi wenye bendera mbele ya duka, na usiku wake wakaja watu wakaukata. Asubuhi mwenye duka, ambaye alikuwa mjumbe wa chama hicho, akaikuta pia baiskeli yake ya Phoenix imekunjwa gurudumu la mbele na tairi limechanwa kwa panga, na kijana mmoja wa chama cha pili akakamatwa. Baiskeli ile ililetwa mahakamani kuwa kielelezo, ikaegemezwa ukutani chini ya dirisha. Nje umati ulikuwa umegawanyika, hawa wakisema kijana ni mchochezi aliyetumwa na watu wa mjini, hivyo apelekwe juu akahojiwe na wakubwa hata amtaje aliyemtuma, na wale wakisema kesi yote ni fitina ya kuwatisha wapiga kura wao. Hakimu wetu, mtu mpole aliyevaa miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyasikia hayo yote kupitia dirishani kama tulivyoyasikia sisi, kisha akamgeukia shahidi wa kwanza akamwuliza: baiskeli ilikuwa imelazwa wapi, saa ngapi, na nani ulimwona akiigusa? Kwa saa mbili nzima hatukusikia neno siasa ila lilipotamkwa na mashahidi wenyewe, na kila lilipotamkwa hakimu aliliandika, akarudi kwenye baiskeli. Kijana alitiwa hatiani kwa kuharibu mali, akaamriwa kulipa gurudumu, tairi na hata mwanzi wa watu, akapewa kifungo cha nje. Chama chake hakikupata mfia dini wa kumwimbia mikutanoni, wala chama cha mwenye baiskeli hakikupata adui wa taifa wa kumtangaza. Walipata mdaiwa wa tairi, na mpaka mpunga ulipovunwa alikuwa amelipa.

Utasema, Mheshimiwa, kwamba baiskeli si roho ya mtu, na utasema kweli. Basi chukua roho, tena roho ya mkubwa. Tarehe 25 Desemba 1971, siku ya Krismasi, Dakta Wilbert Klerruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, alikwenda Isimani katika shughuli za vijiji vya ujamaa, akakutana na mkulima Said Mwamwindi shambani kwake, maneno yakapanda, na Mwamwindi akampiga risasi akamwua, kisha akaupakia mwili garini, akajipeleka mwenyewe kwa polisi mjini Iringa. Ikiwa iko jinai ya siasa katika historia ya nchi yetu, basi ni hii, kwa maana aliyeuawa alikuwa mwakilishi wa Rais mkoani, aliuawa akitekeleza siasa kuu ya chama na serikali, mikononi mwa mkulima mkubwa aliyeiona siasa hiyo kuwa ni kunyang'anywa jasho lake. Na hapana shaka wako wakulima wengine waliotikisika, na wako watumishi wa serikali walioogopa kwenda mashambani, kwa hiyo hata ile athari ya kutia watu hofu, ambayo wanasheria wa leo huipa uzito mkubwa, ilikuwapo tele.

Na serikali ile haikupungukiwa na njia za mkato. Ilikuwa nayo Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ya mwaka 1962, iliyomruhusu Rais kumfungia mtu bila kesi, ambayo Tume ya Jaji Francis Nyalali iliyoundwa mwaka 1991 ilikuja kuitaja miongoni mwa sheria 40 zisizofaa. Ilikuwa nalo pia kosa la uhaini, ambalo muda si mrefu kabla ya hapo lilikuwa limetumika katika kesi kubwa ya akina Bibi Titi Mohamed na Michael Kamaliza. Walakini Mwamwindi alishtakiwa kwa kuua kwa kukusudia, akasimama mbele ya Jaji Onyiuke wa Mahakama Kuu, wakiwapo na wazee wa baraza kama sheria ya wakati ule ilivyotaka, na utetezi wake kwamba alichokozwa hata akili ikamruka ulisikilizwa na kupimwa kama ambavyo ungesikilizwa utetezi wa mtu aliyemwua jirani yake kwa sababu ya mpaka wa shamba. Alihukumiwa kifo. Mimi si mpenzi wa kamba ya kunyongea, na kama ningeulizwa ningesema hivyo siku ile kama nisemavyo leo. Ila nataka ulitazame jambo moja, kwamba hata sasa, zaidi ya miaka 50 baadaye, wazee wa Iringa wanaweza kubishana kuhusu Klerruu na Mwamwindi, huyu akimlaumu marehemu kwa ukali wake na yule akimlaumu mwuaji, lakini hapana anayebishana kuhusu nani alimpiga nani risasi, kwa kuwa jambo hilo lilithibitishwa mchana, kwa ushahidi, mbele ya watu.

Sasa nije kwenye Sheria ya Kuzuia Ugaidi, Namba 21 ya mwaka 2002. Nakiri kwamba ilizaliwa katika fadhaa iliyo na sababu. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lililotegwa kwenye ubalozi wa Marekani liliua watu 11 Dar es Salaam, na lile la Nairobi siku hiyo hiyo likaua zaidi ya 200, aghalabu wapita njia na makarani ambao hawakuwa na neno na mtu. Kisha yakaja mashambulizi ya Septemba 2001 huko Marekani, na azimio namba 1373 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lililozitaka nchi zote zitunge sheria. Nasi tangu hapo tumeona misiba yetu wenyewe: bomu kanisani Olasiti, Arusha, tarehe 5 Mei 2013, na lile lililorushwa katika mkutano wa chama cha upinzani cha Chadema uwanja wa Soweto mwezi uliofuata, na askari polisi 8 waliouawa Kibiti tarehe 13 Aprili 2017 katika msururu wa mauaji yaliyowapukutisha pia viongozi wa vijiji na wa chama tawala. Mtu anayeua watu asiowajua ili wale anaowajua watii, huyo akiitwa gaidi hapana atakayelalamika huku bondeni, na sheria hiyo kwa shabaha yake hiyo sina ugomvi nayo.

Ugomvi wangu ni na upana wake na matumizi yake. Kifungu cha 4, kinachosema ugaidi ni nini, kinachukua mpaka kitendo chenye madhara kilichokusudiwa kuitikisa misingi ya kisiasa, ya kikatiba, ya kiuchumi au ya kijamii ya nchi, na maneno hayo, Mheshimiwa, yakinyooshwa kidogo tu, yanaweza kumfunika kila mtu aliyerusha jiwe siku ya uchaguzi. Watunga sheria wenyewe waliliona hilo, ndiyo maana katika kifungu kile kile wakaweka kinga: kwamba kitendo cha kuvuruga huduma, kikitendwa katika maandamano, malalamiko au mgomo wa kazi, kisihesabiwe ugaidi maadamu hakikukusudiwa kuleta madhara yale yaliyotajwa. Kinga hii sijasikia ikitajwa na askari hata mmoja.

Na mtu akiuliza upande wa mashtaka unafaidi nini kwa kuandika ugaidi pale ambapo ungeweza kuandika kula njama, kujeruhi, kuchoma moto au kujaribu kuua, makosa ambayo yote yamo katika Kanuni ya Adhabu na baadhi yake yana adhabu ya kifungo cha maisha, jawabu halipatikani katika ukubwa wa adhabu. Liko katika yale yanayotangulia hukumu. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai imelitaja kosa la ugaidi, pamoja na kuua na uhaini, miongoni mwa makosa yasiyo na dhamana. Hakimu anayeletewa mshtakiwa mara ya kwanza hana mamlaka ya kuisikiliza kesi yenyewe, kazi yake ni kuiahirisha. Na mtu hurudi mahakamani kila baada ya siku 14 kuambiwa kwamba upelelezi haujakamilika. Jamaa zake, kama ni watu wa Muze na yeye amepelekwa Dar es Salaam, wana safari ya zaidi ya kilomita 1,000 kwa basi, kupitia Tunduma na Mbeya, kwenda kusikia maneno hayo mawili na kurudi.

Tuyatazame mashauri yenyewe, kwa kuwa hayo ndiyo burhani. Mwezi Machi 2013 Wilfred Lwakatare, aliyekuwa mkurugenzi wa ulinzi na usalama wa Chadema, alifikishwa mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, kwa tuhuma za ugaidi zilizotokana na picha ya video. Mwezi Mei Jaji Lawrence Kaduri wa Mahakama Kuu akayafuta mashtaka ya ugaidi, akabakiza shtaka la kula njama ya kutumia sumu, ambalo ni kosa la kawaida lenye dhamana. Miaka miwili baadaye watu wa Bukoba Mjini walimchagua kuwa mbunge wao. Ama walichagua gaidi, jambo ambalo siwezi kuliamini kwa Wahaya, ama neno lile lilikuwa limekwisha kupoteza makali yake machoni pa raia, na hasara hiyo ya pili itatugharimu siku gaidi wa kweli atakapokuja na watu wakadhani ni siasa.

Kisha ikaja kesi ya Freeman Mbowe, aliyekuwa mwenyekiti wa Chadema, ambayo ningependa tuiweke kando ya kesi nyingine iliyokwenda sambamba nayo, kwa maana ni nadra sana majaliwa kumwekea mtafiti mizani iliyo tayari namna ile. Mbowe alikamatwa Mwanza tarehe 21 Julai 2021, usiku wa kuamkia kongamano la katiba mpya, akashtakiwa yeye na wenzake watatu waliokuwa askari wa jeshi kwa njama za ugaidi, pamoja na mpango wa kulipua vituo vya mafuta na kumdhuru Lengai ole Sabaya, aliyekuwa Mkuu wa Wilaya ya Hai. Majaji walibadilika, mashahidi wakaja, maelezo ya washtakiwa yakabishaniwa kwa wiki nyingi, mahakama ikasema wana kesi ya kujibu. Na tarehe 4 Machi 2022, kabla hawajajibu, ofisi yako ikaondoa mashtaka, na jioni ile ile Mbowe akapokewa Ikulu. Sabaya naye, mtu aliyetajwa kuwa angedhuriwa, wakati huo huo alikuwa kizimbani Arusha, anashtakiwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha: alikamatwa Mei 2021, mwezi Oktoba akahukumiwa miaka 30, akakata rufaa, na Mei 2022 Mahakama Kuu ikamwachia huru. Mtu anaweza kuiona hukumu ya kwanza kuwa ya haki na ya pili kuwa ya huruma, au kinyume chake. Lakini katika mwaka mmoja palikuwa na shtaka, ushahidi, hukumu na rufaa, na sababu za kila uamuzi zimeandikwa na zinasomeka. Kwa Mbowe hapana kilichoandikwa mwishoni ila kwamba Jamhuri haina nia ya kuendelea. Kama palikuwa na njama ya kulipua vituo vya mafuta, sisi wenye kununua mafuta hayo tumenyimwa kujua. Na kama haikuwapo, basi watu wanne waliwekwa ndani miezi mingi, na wale watatu wasiokuwa na jina kubwa wanastahili kusafishwa kama yeye.

Sitakawia kwa masheikh wa jumuiya ya Uamsho ya Zanzibar, akina Sheikh Farid Hadi Ahmed na Sheikh Mselem Ali Mselem, walioshtakiwa kwa ugaidi Dar es Salaam mwaka 2014 na kuachiwa Juni 2021 kwa mashtaka kuondolewa. Hesabu ya miaka inatosha.

Wala uhaini si dawa ya kukimbilia pindi ugaidi unapoonekana umechosha. Baada ya ghasia za uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025, ambamo watu waliuawa, mali zikachomwa, na intaneti ikazimwa hata sisi wa bondeni tukawa tunapata habari kwa madereva wa malori, mamia ya vijana walisomewa shtaka la uhaini, kosa ambalo adhabu yake ni kifo. Rais alipolihutubia Bunge tarehe 14 Novemba aliwasemea wale waliofuata mkumbo, na kwa wengi wao mashtaka yakaondolewa. Nashukuru kwa kuondolewa. Ila najiuliza, kijana aliyefuata mkumbo, ambaye kosa lake kama lipo ni kuwasha moto tairi au kuvunja duka, aliwezaje kuandikiwa kwanza kwamba alitaka kuipindua Jamhuri ya Muungano, na yule aliyechoma nyumba ya mtu hasa, ambaye mwenye nyumba anamjua na angemtolea ushahidi, yuko wapi katika rundo lile? Mashtaka makubwa yakiwasomewa watu wengi kwa pamoja, mwenye hatia hujificha miongoni mwa wasio na hatia, na wote hutoka kwa mlango mmoja.

Na lipo jambo ambalo naliandika kwa uzito. Tarehe 7 Septemba 2017 Tundu Lissu, aliyekuwa mbunge wa upinzani, alimiminiwa risasi mchana, Dodoma, katika makazi ya viongozi, wakati Bunge likiendelea. Sijui jeuri gani ya kisiasa itakayofanana na hiyo kwa kutisha umma, na kama sheria ya ugaidi ingekuwa ni ngao ya siasa zetu, jalada la kwanza lingekuwa lile. Hapana aliyefikishwa mahakamani. Aprili 2025 aliyeshtakiwa ni yeye Lissu, kwa uhaini, kwa maneno aliyoyasema. Kesi yenyewe sitaigusa. Nasema tu kwamba mwananchi anayeyaona mambo haya mawili kwa jicho moja hawezi kulaumiwa akidhani kwamba majina makubwa ya makosa yamewekwa kwa upande mmoja. Na sheria ya kawaida huweza kufika mahali ambapo zile kubwa hazijafika: Daudi Mwangosi, mwandishi wa habari, alipouawa Nyololo tarehe 2 Septemba 2012 katikati ya shughuli ya chama cha siasa, askari aliyehusika alishtakiwa kwa kuua, na mwaka 2016 Mahakama Kuu Iringa ikamfunga miaka 15 kwa kuua bila kukusudia.

Wako watakaonijibu, na jawabu lao lina nguvu, kwamba anayempiga mtu kwa ajili ya kura amewapiga wapiga kura wote, kwa hiyo si haki apimwe sawa na mlevi aliyepigana kilabuni. Nawakubalia zaidi ya wanavyodhani, kwa sababu ya yale ambayo bonde letu limeyaona. Mwaka 2013, na tena mwaka 2015, watoto wenye ualbino wa Bonde hili la Rukwa walivamiwa na wakakatwa mikono kwa mapanga. Mwaka wa pili huo ulikuwa wa uchaguzi mkuu, na Umoja wa Mataifa ulikuwa umeonya kwamba uchaguzi huwazidishia hatari, kwani wapo watafutao vyeo wanaokwenda kwa waganga. Serikali nayo Januari ya mwaka ule ilikuwa imepiga marufuku wapiga ramli. Siwezi kusema, wala hakuna anayepaswa kusema bila ithibati, kwamba mkono fulani ulikatwa kwa ajili ya kiti fulani. Lakini nakumbuka miezi ile, jinsi wazazi walivyokuwa wakiwasindikiza watoto wao shuleni wakiwa na marungu, na jinsi mgombea yeyote aliyekuja na msafara wa magari alivyotazamwa na akina mama kwa macho ambayo nisingependa kutazamwa nayo. Kama iko hofu iliyosambazwa katika umma, tuliiishi sisi. Na hata hivyo tulichokitaka kwa polisi na kwa mahakama wakati ule kilikuwa ni mkataji ajulikane, mnunuzi ajulikane, na mganga aliyeagiza ajulikane, wote watatu wasimame Sumbawanga ambako tungefika kwa basi la asubuhi tukawasikia wakihojiwa. Hapana hata mmoja wetu aliyeomba wapelekwe mbali wakakae mahabusu miaka saba wakingoja upelelezi.

Kwa hiyo rai yangu juu ya nia ya kisiasa ni kwamba ina mahali pake, na mahali pake ni siku ya adhabu. Kosa likisha kuthibitika, wakili wako asimame aonyeshe kwamba mtu huyu alimjeruhi mwenziwe ili kata nzima iogope kwenda kituoni, alete mashahidi wa hofu hiyo, na jaji akiridhika amwongezee miaka kwa kadiri sheria inavyomruhusu, awe ni kijana wa upinzani, awe ni mgambo wa chama tawala, awe ni askari. Inapowekwa mlangoni mwa mahabusu, kabla ya shahidi hata mmoja kuapa, nia hugeuka kuwa dhana ya mkamataji, na aghalabu mkamataji huiona nia mbaya kwa wapinzani wa waliomtuma.

Jirani zetu wanatupa somo ambalo hatuna haja ya kulilipia ada. Kenya, baada ya maandamano ya tarehe 25 Juni 2025, vijana kwa makumi walipelekwa mahakama ya Kahawa kwa mashtaka ya ugaidi. Mwezi uliofuata mwanaharakati Boniface Mwangi alikamatwa kwa tuhuma hizo hizo, na alipofika kizimbani ugaidi ulikuwa umeyeyuka, yamebaki mabomu ya machozi na risasi baridi inayodaiwa kukutwa kwake. Uganda tangu mwaka 2005 imekuwa ikimsomea kiongozi wa upinzani Kizza Besigye mashtaka makubwa, wala siasa za Uganda hazijatulia kwa sababu hiyo. Hata Marekani, ambako Timothy McVeigh aliua watu 168 Oklahoma City tarehe 19 Aprili 1995 kwa chuki yake juu ya serikali, ugaidi wa ndani umefafanuliwa katika sheria tangu 2001 lakini haukufanywa kosa la kujitegemea la kumshtakia mtu. McVeigh alipatikana na hatia ya mauaji na ya kutumia silaha ya maangamizi.

Yale ninayoyaomba kwako hayahitaji Bunge. Uliyo nayo sasa ni mamlaka ya kutosha: toa mwongozo wa maandishi kwa mawakili wa serikali na wapelelezi kwamba shtaka la ugaidi au la uhaini lisisomwe katika jambo lolote lililotokana na mkutano, maandamano au uchaguzi mpaka wewe mwenyewe umeliona jalada lenye ushahidi uliokamilika, na kwamba penye kosa la Kanuni ya Adhabu linalotosha, hilo ndilo lisomwe, tena katika mahakama iliyo karibu na mahali tendo lilipotendeka. Mahakama Kuu tunayo Sumbawanga. Majaji wake wanayaweza mashauri ya mauaji ya bondeni kila kikao, na siamini kwamba watashindwa na mauaji kwa kuwa yana bendera ndani yake.

Na la mwisho ni dogo, ila ndilo lililonikalisha kuandika. Yuko kijana wa huku aliyekuwa akipakia mizigo katika mji mmoja wa mpakani, akakamatwa na wengine katika ghasia za Oktoba, akasomewa shtaka kubwa, kisha likaondolewa naye akarudishwa nyumbani. Alikuja kwangu kuniuliza kama yeye sasa ana hatia au hana, na kwa elimu yangu ndogo nilimjibu kwamba hana, ingawa sheria inayoiruhusu ofisi yako kuondoa shtaka haimzuii mtu kushtakiwa tena kwa jambo lile lile. Kikundi cha kukopeshana hakimpi mkopo wa mbegu, kwa hofu kwamba atakamatwa kabla ya mavuno, na baba wa binti aliyekuwa amemposa amerudisha mahari. Hana karatasi yoyote ya kuwaonyesha. Mtu wa namna hii apewe barua na ofisi yako, yenye kusema wazi kama ushahidi dhidi yake ulitafutwa usionekane, au kama jalada lingali wazi, na kwa sababu gani. Iandikwe kwa Kiswahili, na tafadhali iwe na muhuri, maana huku kwetu mwenyekiti wa kikundi huutazama muhuri kwanza, ndipo akavaa miwani kusoma maneno.

Wako katika utumishi wa haki,

Mzee wa baraza mstaafu,
Muze, Wilaya ya Sumbawanga